Anayemtunza Mzee Naye Huchoka

Kila mwaka mwezi wa Desemba barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu hujaa magari. Watoto wetu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na hata nchi za nje. Mbuzi wanachinjwa. Mbege inanywewa. Mzee aliyekuwa peke yake mwaka mzima anapata wageni hata kumi kwa siku moja.

Halafu Januari inafika. Magari yanateremka. Kihambani wanabaki mzee, ng'ombe wa ndani na mtu mmoja wa kuwaangalia wote wawili. Mtu huyo ni nani? Pengine ni mke wa mtoto wake. Pengine ni binti wa kazi. Pengine ni muuguzi aliyestaafu, ambaye watoto wamekubaliana kumlipa. Mzee akitaka haja usiku, yeye ndiye anayeamka.

Leo tuzungumze habari za mtu huyo. Mara nyingi tunamhurumia mzee, na ni haki yake. Lakini anayemtunza naye huchoka. Akichoka kupita kiasi, anayeumia kwanza ni mzee mwenyewe.

NYUMBA ZA WAZEE ZIKO WAPI?

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna nyumba nyingi za kutunzia wazee. Mzee asiyeweza kujihudumia huhamia huko. Anakuta vitanda, wapishi, wauguzi na wasaidizi wao. Baadhi ya wafanyakazi hao ni wageni kutoka nchi nyingine, pamoja na ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Vijana wetu walioko ng'ambo wana msemo wao kwa kazi za mikono za huko. Wanasema "tunabeba boksi." Usidhani kila mmoja anabeba maboksi kweli. Wengine wanawaosha wazee.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, wazee wengi sana walikufa katika nyumba hizo za Ulaya na Marekani. Wauguzi waliendelea kuingia kazini kila siku huku wakijua hatari iliyopo. Watu walipiga makofi madirishani kuwashukuru. Makofi yaliisha, kazi ikabaki pale pale.

Hapa Tanzania serikali ina makazi ya wazee katika mikoa mbalimbali. Mkoani kwetu yako makazi ya Njoro, pale Moshi. Kuna pia Fungafunga huko Morogoro, Kolandoto huko Shinyanga, Bukumbi huko Mwanza na Nunge huko Dar es Salaam. Makazi haya ni kwa wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 au zaidi. Inasema pia kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo ya wazee. Makazi ya serikali ni njia ya mwisho, pale ambapo njia nyingine zimeshindikana.

Kwa mila ya Wachagga, jambo hili lilikuwa na mpango wake. Mtoto wa kiume wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi. Yeye ndiye hubaki nao mpaka mwisho. Lakini siku hizi kitinda mimba naye amekwenda kutafuta maisha. Anapiga simu kila Jumapili na kutuma fedha. Fedha ni msaada mkubwa, lakini fedha haiwezi kumgeuza mgonjwa kitandani.

Kwa hiyo, hata kama hakuna kibao mlangoni, nyumba nyingi za Marangu sasa ni nyumba za kutunzia wazee. Tofauti yake na za Ulaya ni kwamba hapa muuguzi ni mmoja, hana zamu, wala hana wa kumpokea.

SIKU MOJA YA SISTA

Nilikwenda kumtembelea muuguzi mmoja mstaafu hapa Marangu. Majirani humwita Sista. Alisomea uuguzi hapa nchini, kisha akafanya kazi miaka kadhaa katika nyumba ya wazee huko Uingereza. Aliporudi, familia moja ilimwomba amtunze baba yao aliyepata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa havifanyi kazi.

Nilimwuliza, "Sista, kazi ya huko na ya hapa, ipi ngumu?"

Alicheka. Akasema, "Mwalimu, mkojo ni mkojo tu. Hauna uraia."

Akanieleza siku yake ya Uingereza. Zamu ilikuwa ya saa 12. Alianza saa moja asubuhi. Kwanza alipokea habari za usiku. Nani hakulala, nani alianguka, nani ana homa. Kisha akagawa dawa. Wasaidizi waliwaosha wazee, wakawavalisha, wakawapeleka mezani. Kila mmoja alitaka kuhudumiwa kwanza. Huku kengele inalia, kule kengele inalia.

"Unamshika mmoja mkono umpeleke chooni," alisema, "mwingine anakuita yuko sakafuni. Yule wa kwanza anajichafua kwa sababu umemwacha. Anaona aibu, analia. Wewe ndiye unaomba radhi, na kosa si lako. Kosa ni kwamba watu hamtoshi."

Wako wazee waliomtukana kwa sababu ya rangi yake. Wako waliompiga makofi na kumng'ata. Wengi wao walikuwa na ugonjwa wa kusahau na hawakujua wanalofanya. "Ukijua kwamba ni ugonjwa unavumilia," alisema. "Lakini shavu linauma vile vile."

Jambo jingine lililomchosha lilikuwa karatasi. Kila mara mzee alipogeuzwa kitandani, iliandikwa. Kila kikombe cha maji kiliandikwa. Wauguzi walilalamika kwamba wanashika kalamu kuliko wanavyoshika mkono wa mgonjwa. Shika neno hili la kuandika, msomaji. Tutalirudia.

Hapa Marangu alikuwa na mzee mmoja tu. Alidhani amepata mapumziko. Haikuwa hivyo. Huko kulikuwa na mashine ya kumnyanyua mgonjwa. Hapa mashine ni mgongo wake. Huko zamu ikiisha unakwenda kwako. Hapa alikuwa akifika nyumbani jioni, simu inamfuata. "Sista, mzee amekataa uji. Sista, mzee anakohoa."

MZIGO USIOPIMWA

Sisi wa Marangu tunajua habari za mizigo. Watu wetu wengi wamekuwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Pale getini mzigo wa mpagazi huwekwa kwenye mizani. Ukizidi kilo 20, hupunguzwa. Ni utaratibu mzuri, maana mgongo wa mtu una kipimo.

Sasa fikiri. Mzee wa kilo 60 ni mizigo mitatu ya mpagazi. Tena mzee hana mshipi wa kumbebea. Pengine anaogopa, anakushika shingo. Muuguzi anamnyanyua asubuhi, mchana na jioni. Nani anaupima mzigo huo?

Mgongo si mzigo pekee. Taabu nyingine ambazo watunzaji wa wazee hueleza ni hizi:

1. Usingizi. Mzee analala mchana, usiku anaamka. Mtunzaji mchana ana kazi, usiku anaitwa.

2. Upweke. Hawezi kwenda sokoni Marangu Mtoni, kanisani wala kwenye kikundi cha akina mama. Mzee abaki na nani?

3. Mshahara. Unachelewa, kwa sababu watoto watano kila mmoja anadhani mwenzake ametuma.

4. Dharau. Watu husema, "Ah, huyo anakaa tu na mzee." Kazi ambayo huonekana tu siku isipofanyika haipati sifa.

5. Wakaguzi. Hawa ni ndugu wanaokuja mara moja kwa mwaka. Hawaulizi umeshindaje. Wanafunua shuka, wananusa chumba, wanauliza sukari ya kilo tano imekwisha vipi.

Wauguzi wengi watakwambia kwamba uchafu si jambo linalowavunja moyo. Uchafu unaoshwa, unakwisha. Kinachovunja moyo ni kulaumiwa na mtu ambaye hakuwepo.

KIDONDA

Hebu nikueleze yaliyompata Sista. Ameniruhusu kuyaandika bila kutaja jina la familia.

Sista alikuwa akifika kwa mzee saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Mchana alimgeuza mzee kila baada ya saa mbili. Usiku mzee alibaki na binti wa kazi wa miaka 17. Binti huyo mchana alikuwa akikata majani ya ng'ombe, akichota maji na kupika. Usiku alilala kama gogo. Nani angeweza kumlaumu?

Sista aliwapigia simu watoto wa mzee. Aliwaambia, "Tunahitaji mtu wa usiku. Mzee asipogeuzwa atapata kidonda." Walimjibu, "Sawa, dada, tutaangalia." Alipiga tena. Walimjibu vile vile.

Mwezi wa Novemba Sista aliona alama kwenye kiuno cha mzee, juu kidogo ya matako. Ngozi ilikuwa nyeusi kuliko kawaida, ngumu na ya moto. Baada ya siku chache ngozi ilifunguka. Desemba watoto walifika, wakafunua shuka, wakaona kidonda ambacho kidole kinaingia.

Mtoto mkubwa alisema mbele ya wageni, "Tunakulipa kila mwezi, halafu baba anaoza!"

Sista hakuwa na la kuonyesha. Simu zilipigwa, lakini maneno ya simu hupotea. Kumgeuza mzee mchana alimgeuza, lakini nani aliona? Yeye aliyeandika kila kikombe cha maji kule Uingereza, hapa hakuandika hata neno moja. Alidhani nyumbani hakuna haja. Alichukua mkoba wake akaenda kwake.

Watoto walikaa na baba yao wiki mbili. Katika wiki hizo ilibidi wao wenyewe wamgeuze, wamwoshe na wamlishe. Usiku wa kwanza waligawana zamu. Usiku wa tatu walianza kugombana. Usiku wa tano yule kitinda mimba alikwenda kwa Sista. Hakusema mengi. Alikuwa ameshika jani la isale mkononi. Wachagga mnajua maana yake. Mtu akikujia na isale kuomba msamaha, si rahisi kumrudisha.

Sista alirudi, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, atafutwe mtu wa usiku. Pili, kila wiki apate siku moja ya kupumzika. Tatu, linunuliwe daftari.

Kidonda kile kilichukua miezi mingi kupona.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mtunzaji. Huenda una mzee anayetunzwa na mtu mwingine. Soma mambo haya sita, kisha uyajadili na wenzako.

Kwanza: Mgeuze mzee.
Mzee asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Alale ubavu wa kulia, kisha chali, kisha ubavu wa kushoto. Sababu ni hii. Akilala mahali pamoja, uzito wake unaibana nyama kati ya mfupa na godoro. Damu haipiti. Nyama isiyopata damu inakufa. Wauguzi huviita vidonda hivi vidonda vya mgandamizo. Kila siku angalia kiunoni, kwenye nyonga, visigino, viwiko, mabega na kisogo. Ngozi ikibadilika rangi, ikawa ngumu au ya moto, usiisugue. Usimlaze tena upande huo, na umwite muuguzi. Shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo. Weka mto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro.

Pili: Okoa mgongo wako.
Usimnyanyue mzee peke yako kama hawezi kujisaidia. Muwe wawili. Tandika shuka imara chini yake, kila mmoja ashike upande wake, mhesabu moja, mbili, tatu, mvute pamoja. Kunja magoti, usikunje mgongo. Sogea karibu na mzee kabla ya kumshika. Mwambie unataka kufanya nini. Mzee aliyeambiwa hukusaidia. Mzee aliyeshtuka hujikaza akawa mzito maradufu.

Tatu: Mlishe akiwa ameketi.
Usimlishe mzee akiwa amelala. Chakula kinaweza kuingia njia ya hewa, akapaliwa au akapata ugonjwa wa mapafu. Mketishe wima. Mpe kidogo kidogo, ngoja ameze, kisha mpe tena. Akimaliza akae wima karibu nusu saa. Mzee aliyepata kiharusi mara nyingi hupaliwa na maji na chai kuliko chakula kizito. Mtori laini uliopondwa vizuri humfaa. Kama anapaliwa kila mara, mpeleke hospitali ya Marangu, ya Kilema au kituo kilicho karibu nawe, akapimwe anavyomeza.

Nne: Usibishane na ugonjwa wa kusahau.
Kuna mzee anayeuliza swali moja mara ishirini. Kuna mwingine yuko kwake, naye anasema, "Nipelekeni nyumbani." Wengine hudhani amelogwa, au kwamba bibi huyo sasa ni mchawi. Si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo. Usimgombeze, wala usimfunge kamba. Akisema anataka nyumbani, mwulize habari za nyumbani huko. Ng'ombe walikuwa wangapi? Mfongo ulipita wapi? Mara nyingi atatulia. Wakati wa jioni ugonjwa huu humsumbua zaidi, kwa hiyo washa taa mapema. Angalia asitoke peke yake, maana mito yetu na mifongo yetu ni hatari. Kama kusahau kumeanza ghafla, kwa siku moja au mbili, mpeleke hospitali haraka. Huenda ana homa, maji yamempungukia mwilini, au dawa hazimpatani.

Tano: Gawaneni kazi na gharama.
Ndugu wote wakae, waandike. Nani anatuma fedha, kiasi gani, tarehe ngapi? Nani aliye karibu atakuja kukaa na mzee siku ya mapumziko ya mtunzaji? Wanaume nao wamo. Kumwosha baba yako si aibu. Yeye alikuosha ukiwa mdogo, au alimlisha aliyekuosha.

Sita: Mtunzaji ana haki zake.
Mtunzaji unayemlipa ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Kila wiki anatakiwa apumzike saa 24 mfululizo. Kila mwaka ana likizo ya siku 28 yenye malipo. Masharti ya kazi yake yaandikwe. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Mtu hupumzisha ng'ombe wa kukokota jembe, atashindwaje kumpumzisha mtu?

DAFTARI LA MZEE

Sasa turudi kwenye kuandika. Sista alilichukia daftari Uingereza kwa sababu lilikuwa na mambo mengi mno. Hapa alilifanya fupi. Linaning'inia kwenye msumari karibu na kitanda, na kalamu imefungwa kwa uzi. Huandikwa hivi:

Jumatatu, saa 2 asubuhi. Ubavu wa kulia. Uji kikombe kimoja. Dawa ya presha amekunywa.
Saa 4. Chali. Ameoga. Ngozi ya kiuno nzuri.
Saa 6. Ubavu wa kushoto. Mtori nusu bakuli. Maji kikombe kimoja.
Saa 8. Ubavu wa kulia. Haja kubwa amepata.
Saa 10. Ameketi kwenye kiti. Jirani amemtembelea.
Jioni. Pampasi zimebaki tatu. Nimempigia simu kaka mkubwa, amesema atatuma Ijumaa.

Ni mistari michache tu. Lakini angalia faida zake. Mtu wa usiku anajua wa mchana alifanya nini. Daktari akiuliza mzee anakula vipi, jibu lipo. Dawa haitolewi mara mbili. Fedha ikiahidiwa, ahadi ina tarehe. Ndugu akija Desemba, hafunui shuka kwanza. Anafunua daftari kwanza.

Binti wa kazi wa nyumba ile hakuwa amezoea kuandika. Sista alimfundisha kidogo kidogo. Mwanzoni aliandika herufi moja tu, K kwa kulia na S kwa kushoto. Baada ya miezi mitatu aliandika hivi: "Saa 8 usiku. Babu amesema asante." Sista alinionyesha mstari ule. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Ndugu wasomaji, ninyi mmejifunza kusoma na kuandika mkiwa watu wazima. Wengine huwauliza elimu hiyo mtaitumia wapi. Itumieni hapa. Wengi wa wazee wanaotunzwa vitandani leo walikuwa vijana mwaka 1973. Mwaka huo watu walikaa katika vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakasoma vitabu vyake, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Walitumia kisomo kutulinda sisi tuliokuwa hatujazaliwa. Sasa ni zamu yetu.

MZEE ALIPOFARIKI

Yule mzee alifariki mwaka uliofuata, kidonda kikiwa kimepona. Alifia kwake, kitandani kwake, akiwa safi.

Siku ya mazishi ilisomwa historia ya marehemu. Walitajwa watoto, wajukuu, wakwe na madaktari. Sista alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na migomba. Mtunzaji akifiwa na mzee wake hakuna anayempa pole. Watu husema, "Si alikuwa analipwa?" Lakini ukimwosha mtu kila siku kwa miaka miwili, unajua kovu la goti lake lilitoka wapi. Unajua wimbo anaoupenda. Siku ya mazishi unapoteza mzee wako, na kesho yake huna kazi.

Historia ilipokwisha, kitinda mimba alisimama, ingawa hakuwa kwenye ratiba. Alikuwa ameshika lile daftari. Alisoma ukurasa mmoja tu, wa Jumatatu moja ya mwezi wa Mei. Ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Uji, mtori, maji. Kisha akasema, "Haya yalifanyika kila siku, nasi hatukuwepo. Sista na binti wa nyumbani, njooni mkae mbele."

Watu walinyamaza. Halafu wanawake wawili walisogea kwenye benchi la mbele, wakawapa nafasi.

Ndugu msomaji, usingoje siku ya mazishi. Kama kuna mtu anayemtunza mzee wako, mwite leo. Usimwulize sukari imekwisha vipi. Mwulize, "Umelala?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chenu kuna wazee wangapi wasioweza kujigeuza kitandani? Nani anawatunza usiku?
2. Kwa nini mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
3. Mtoto mkubwa wa yule mzee alikosea wapi? Sista naye alikosea wapi?
4. Majirani wanaweza kufanya nini ili mtunzaji wa mzee apate siku ya kupumzika?
5. Zoezi: chukua daftari. Andika siku moja ya mzee wa nyumbani kwako au wa jirani, tangu asubuhi mpaka jioni, kwa mistari isiyozidi kumi. Wiki ijayo lisomeni pamoja.